Mboga Zangu Zimepimwa

Jumatatu, 6 Mei

Redio imeniharibia chai. Watu wa mtaa wa pili wamelazwa hospitali, matumbo yanawaendesha. Chanzo: mboga za majani zilizoliwa mbichi. Mtangazaji anasema zimeingia vijidudu, pengine kwenye maji ya kumwagilia, pengine kwenye samadi, pengine mikononi mwa wauzaji. Pengine, pengine! Mtu mzima anaharibiwa biashara kwa pengine.

Sokoni kimya kama msibani. Spinachi yangu imekaa mezani hadi ikalegea kama kamba za viatu. Mwalimu mstaafu, yule aliyenifundisha hesabu utotoni bila mafanikio, aliinua jani kwa ncha ya kidole, akalirudisha polepole, akaenda kununua viazi.

Lililoniuma zaidi ni meza ya pili. Jirani yangu tunamwita Bi Majani. Nyumbani bustani zetu zimetenganishwa na ukuta wa mabati tu, sokoni meza zetu zimegusana, na yeye amemaliza mzigo wote kabla ya adhuhuri! Nikamuuliza, kama mzaha, anatumia dawa gani. Akasema hana dawa, ni maji ya bomba na mikono safi. Uongo mtupu. Nani alishatajirika kwa mikono safi?

Nimemweleza mke wangu: watu wakiogopa, hutafuta mtu wa kumwamini. Mtu huyo ni mimi. Mke wangu amecheka hadi akashika mlango.

Jumanne, 7 Mei

Nimeamka na akili mpya. Ubao! Nimeupaka rangi nyeupe, nikaandika kwa herufi nyekundu: MBOGA SALAMA. ZIMEPIMWA. Nikauegemeza mezani. Watu wakaanza kusogea kama kuku waliosikia mtama. Mafungu yakaenda. Nikaanza kupiga mluzi.

Kisha akaja shemeji. Shemeji ni mdogo wake mke wangu na, kwa mkosi wangu, ndiye bwana afya wa soko letu. Koti jeupe, kalamu zimejaa mfukoni, uso wa mtu aliyenusa kitu. Akauliza zimepimwa na nani. Nikasema mimi. Zimepimwa kwa kifaa gani? Nikamwonyesha mizani. Sasa uongo uko wapi? Kila fungu nimelipima kwa mkono wangu!

Shemeji hakucheka. Alisema watu wako hospitali na mimi naleta masihara, akaondoka na ubao kwapani. Bi Majani alijifanya anapanga karoti. Lakini mabega yalikuwa yanamcheza. Niliyaona.

Jumatano, 8 Mei

Redio inasema tuoshe mboga. Haya, nimeosha. Wengine wanaosha kwa maji matupu; mimi nimetumia sabuni ya unga, ile yenye harufu ya waridi. Sabuni inayoyaweza matope ya soksi zangu itashindwa na kijidudu? Spinachi iling'aa. Meza nzima ilinukia kama bibi harusi. Mwalimu mstaafu alivutwa na harufu, akanunua fungu nono, akaniita mwanangu.

Jioni akarudi na sufuria. Sufuria yenyewe! Ameibeba kutoka kwake hadi sokoni, povu likidondoka njia nzima. Akaniuliza mbele ya watu kama alichonunua ni mboga au fulana. Shemeji, ambaye sasa nadhani amehamia nyuma ya meza yangu, alisema sabuni hunywewa na jani na haitoki, kwa hiyo hilo ni kosa jingine. Nikamuuliza kati ya kuosha na kutoosha, kosa dogo ni lipi. Akasema ninajua vizuri sana anachomaanisha. Sijui.

Lakini jua halikuzama bila neema. Mpishi mkuu wa hoteli ya barabara kuu anatafuta mkulima mmoja wa kumpelekea majani ya saladi. Kila siku! Jumamosi atakagua bustani mbili: ya Bi Majani na yangu. Hakuna tena kubembeleza wateja juani. Kazi hii naipata, kufa kupona.

Ijumaa, 10 Mei

Nimewaza jana kutwa. Mpishi ataangalia nini? Majani. Majani yangu yana matundu kama chujio, konokono wameyafanya karamu. Nikipiga dawa, atanusa. Nikiwaokota konokono mmoja mmoja, mgongo utanikatika. Jibu likanijia nikiwa nanyoa ndevu, nikajikata. Bata!

Nimeazima kundi la bata kwa fundi baiskeli. Wameingia bustanini kwa kelele kama wanakwenda harusini. Konokono kwisha! Tatizo dogo ni pipa. Nimelifukia nusu ardhini kukinga maji ya mvua, na ndiyo maji yangu ya kumwagilia. Bata wakaliona. Wameshinda humo, wakioga, wakipigana mabawa, wakifanya na yale ambayo bata hufanya akiwa amestarehe.

Mke wangu akauliza kama maji yale ndiyo nitakayomwagia saladi ya watu. Nikamweleza kwamba ile ni mbolea iliyokwisha kuyeyushwa, wenzetu wanainunua dukani. Akanitazama sana. Kisha akabeba mtungi wa maji ya kunywa, akauingiza ndani na kuufunika. Hana moyo wa biashara.

Nimemwagilia saladi yote jioni, juu ya majani kabisa, ili asubuhi iwe imechangamka.

Jumamosi, 11 Mei

Ushindi! Ushindi!

Mpishi mkuu ni mama mfupi mwenye sauti ya geti la chuma. Alianza kwa Bi Majani. Nilitega jicho kwenye tundu la msumari katika mabati. Kule alionyeshwa bomba. Akaonyeshwa samadi iliyofunikwa, ambayo eti huachwa miezi ioze kabisa kabla haijasogezwa karibu na tuta. Akaonyeshwa beseni la kunawia mikono. Nilitaka kusinzia nikiwa nimesimama.

Kwangu bata walikuwa wamefungiwa kwenye tenga nyuma ya nyumba. Mmoja akalia, nikakohoa. Mpishi akauliza namwagilia maji gani. Nikasema maji ya mbinguni. Si ni mvua? Akainama, akageuza jani huku na huku, hakuna tundu hata moja. Akauliza kama linafaa kuliwa bichi.

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo Bi Majani haliwezi hata ndotoni. Nilichuma majani yaleyale, nikajaza bakuli, nikaanza kula. Bila kuosha! Majirani walikuwa wamejaa mlangoni. Shemeji akapaza sauti, “Shemeji, osha kwanza! Nakuomba!” Nikatafuna kwa nguvu ili asisikike. Kisha nikampigia Bi Majani kelele juu ya mabati: na yeye ale za kwake kama ni mwanamke kweli. Akajibu kwa utulivu kwamba atakula, ila acha kwanza akazioshe. Ha! Nikamgeukia mpishi, nikamuuliza ni nani hapa anayeziamini mboga zake.

Watu walipiga makofi. Mpishi amesema nipeleke tenga moja kesho, la majaribio, kwa ajili ya chakula cha mchana cha Jumatatu. Mke wangu hakupiga makofi. Alikuwa ananitazama tumboni.

Jumapili, 12 Mei

Nimepeleka tenga hotelini. Nimepokewa kwa mlango wa nyuma kama mtu muhimu. Tumbo linanguruma kidogo. Ni furaha.

Jumatatu, 13 Mei

Si furaha.

Naandika nikiwa chooni. Sina mahali pengine pa kuishi. Nimetoka jasho, nimetetemeka, nimeahidi mambo mengi kwa Mungu. Mke wangu ananipitishia maji ya chumvi na sukari mlangoni.

Kila nikifumba macho nawaona bata.

Baadaye, siku hiyohiyo

Asubuhi mke wangu alisema kupitia mlangoni kwamba leo walimu wastaafu wana chakula chao hotelini, na mwalimu wangu amevaa suti. Nikakumbuka tenga.

Nitakuwa mkweli kwa kuwa hakuna anayesoma humu: nilifikiria kunyamaza. Hotelini kuna vyakula chungu nzima, nani angejua ni saladi yangu? Lakini nikamfikiria yule mzee. Mimi mwenye nguvu nimekuwa kitambaa. Yeye angeamka?

Nikavaa suruali ya mke wangu, ndiyo iliyokuwa karibu, nikakimbia. Nilisimama kwa kinyozi kuomba choo. Nilisimama kituo cha mafuta kuomba choo. Kwa mshona viatu sikuwahi kuomba. Nilipitiliza hadi chooni. Nilipofika hotelini walimu walikuwa wameketi, mabakuli ya saladi yako mbele yao, mmoja ameshainua uma. Nikapiga ukelele kutoka mlangoni, “Msile majani! Bata! Bata!”

Mwalimu mmoja akamuuliza mhudumu kama kweli leo kuna bata.

Mpishi akanivuta jikoni. Nikamwambia yote: pipa, kundi la bata, maji juu ya majani. Akafunga mlango wa jikoni. Kisha akaamuru saladi itupwe, vibao na visu na mabakuli visuguliwe kwa maji ya moto, na wageni wakapewa karoti za kuchemsha. Hakuna aliyeugua. Mpishi aliniambia hatanunua jani langu hata likiota dhahabu, lakini choo cha wafanyakazi naweza kukitumia. Nilishukuru kwa yote, hasa la choo.

Nilipotoka mwalimu alikuwa ananingoja. Aliniwekea mkono begani. Akasema tangu anifahamu, hilo ndilo jibu la kwanza sahihi nililotoa. Kisha akaitazama suruali, akaamua kutouliza.

Jumatano, 15 Mei

Shemeji amekuja na chupa zake kuchukua maji ya pipa. Hakuhitaji chupa, harufu ilimfuata hadi puani. Saladi yote imeng'olewa na kuzikwa. Pipa limemwagwa. Bata wamerudi kwa fundi baiskeli, wamenona.

Kazi ya hoteli amepewa Bi Majani. Jioni alikuja na uji mwepesi, nikajua amekuja kunicheka. Hakucheka. Alisema hoteli inataka majani mengi kuliko bustani yake inavyoweza. Atavuta mpira wa maji kutoka kwenye bomba lake hadi kwangu, samadi nitachota yake iliyooza, nami nipande upya, nilime taratibu, tupeleke pamoja. Nimekubali. Machozi yalinitoka. Ni kwa sababu ya tumbo.

Mke wangu amefurahi sana. Amesema sasa kilichobaki ni subira tu. Amelitamka neno hilo kama kwamba ni kitu chepesi.

Jumapili, 19 Mei

Nimepona! Nina nguvu mpya. Na siku zile zote za kulala zimenipa nafasi ya kufikiri.

Kosa langu lilikuwa moja tu: majani. Majani yanataka maji, samadi, miezi ya kungoja. Uyoga hautaki chochote! Unataka giza na unyevu, na bafu letu lina vyote viwili. Nimeupata nyuma ya karakana ya mbao, kwenye kisiki kilichooza. Mzuri ajabu! Mwekundu, wenye madoa meupe, kama umeshonwa na fundi. Fundi baiskeli aliniona nikiubeba, akauliza kama unalika. Nikamwambia kitu kizuri hivi hakiwezi kumdhuru mtu.

Nimeupanga wote ndani ya bafu, nimeziba dirisha kwa blanketi. Bi Majani na mpira wake wa maji wanaweza kungoja. Hoteli zinalipa vizuri kwa uyoga, na redio haijasema neno lolote baya juu yake.

Mke wangu ameuliza kwa nini bafu limefungwa kwa kufuli. Nikamwambia ni jambo la kumfurahisha. Akamulika tochi kwenye ufa wa mlango, akachungulia. Ametoka mbio, hata viatu hakuvaa, kwenda kumwita mdogo wake.

Vizuri. Nilikuwa natafuta mtu wa kuonja.