Kitengo cha Kutambua Kejeli

Kwa heshima na taadhima, Wizara ya Maji inautangazia umma kwamba kuanzia sasa kejeli itaeleweka. Mimi ndiye Kaimu Mkurugenzi wa Kitengo cha Kutambua Kejeli, na naomba nieleze mafanikio yetu makubwa, pamoja na changamoto moja ndogo.

Kitengo kilizaliwa harusini. Mheshimiwa Waziri alikuwa anamuoza bintiye, na katikati ya shamrashamra akachomoa gazeti na kuwasomea wakwe makala ya Bi Sindano, yule mama mwenye safu ya Jumapili. Makala ilisema wananchi wamekombolewa kutoka utumwa wa kutegemea mabomba. Ilisema kubeba ndoo ni mazoezi, na kwamba kinamama wetu hawajawahi kuwa na shingo imara kama leo. Wakwe wakakohoa. Bwana harusi akainamia sahani yake. Waziri akajipigia makofi.

Dada wa mkewe akamvuta pembeni. "Shemeji, hebu kaa chini. Umechambwa."

"Nimesifiwa!"

"Ndivyo wanavyochamba siku hizi."

Basi Kitengo kikaundwa haraka, na wataalamu wetu wakagundua dalili za kejeli: msemaji husifu kisichosifika, hatabasamu, na wanaomsikiliza huziba midomo. Sheria ikapita bila mjadala. Atakayepatikana na kejeli awekwe ndani, na asishike ofisi ya umma maisha yake yote.

Bi Sindano tulimkuta kibarazani akimsuka mjukuu wake. Aliomba amalizie. Tukamjibu kwamba utaratibu hauruhusu, na mtoto akabaki analia, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama.

Shauri lilisikilizwa ukumbini kwetu, mbele ya hakimu, mama mmoja mnene aliyejipepea kwa jalada. Waziri alikaa mbele kama mlalamikaji, shemeji yake nyuma kama shahidi. Nikaanza kazi.

"Unakubali kwamba makala hii ni kejeli?"

"Nyie mnaonaje?" akaniuliza Bi Sindano.

"Kitengo kimeipima. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayeweza kusema maneno haya kwa dhati."

"Ahsante, baba. Mheshimiwa hakimu, naomba hilo liandikwe."

Hakimu akaacha kujipepea. "Jitetee, dada."

"Sina cha kujitetea. Maneno si yangu. Ni hotuba ya Mheshimiwa Waziri, ile ya kuzindua kisima. Nimetoa tu 'ndugu wananchi', maana zilikuwa nyingi."

"Uongo!" Waziri akaruka. "Hotuba yangu ningeitambua!"

"Mheshimiwa hutoa hotuba nyingi," nikamtetea. "Hawezi kuzisikiliza zote."

Hakimu akaagiza kanda ya uzinduzi iletwe. Sauti ya Waziri ikajaa ukumbini: mabomba, utumwa, ndoo, shingo. Askari wa mlangoni ndio walioanza kucheka. Shemeji akajiziba uso kwa mtandio, mabega yanamtetemeka.

"Mbona siku ile hawakucheka?" Waziri akauliza, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo.

"Walitaka," akasema Bi Sindano. "Ila ulikuja na magari ya polisi. Gazetini mtu anacheka akiwa kitandani kwake."

Hakimu akamgeukia. "Mheshimiwa, uliposema haya, ulijua si kweli, au uliamini?"

Waziri akanitazama. Nami nikatazama feni.

"Kuna tofauti gani?" akauliza.

"Mwenzetu mwenye fani atueleze," akasema hakimu.

Bi Sindano akafikiri kidogo. "Ukijua si kweli, na ukataka watu wajue kwamba unajua, hiyo ni kejeli. Ukijua, na hukutaka wajue, hapo umewadanganya. Na kama uliamini..." Akanyamaza, kwa adabu.

Waziri akafuta jasho. Akawaangalia askari, akamwangalia shemeji yake, akapiga hesabu zake kimoyomoyo. Mwongo hatachaguliwa tena. Mjinga atachekwa hata na wakwe. Akaiweka sawa tai yake, akasimama wima.

"Nilikuwa nafanya kejeli," akasema.

Watu wakampigia makofi, na nakiri yalikuwa ya dhati.

Hakimu akafungua sheria yetu, akaisoma neno kwa neno. Bi Sindano akainuka kwenye kiti cha mshtakiwa, akakipangusa kwa kiganja, akakisogeza.

"Karibu, mwandishi mwenzangu," akasema. "Mimi nakimbilia nyumbani, kuna kichwa cha mtu nimekiacha nusu."