Hotuba yangu ya kupinga kamari

Jamani, leo nimeaibika mbele ya mtaa mzima, tena nikiwa nimevaa suti. (Ya kuazima. Imesharudi kwa mwenyewe.)

Iko hivi. Hapa Mabatini tulikuwa na mkutano kuhusu lile duka lililoweka mashine za kamari jirani na shule ya msingi. Watoto wanazilisha hela ya uji. Aliyeitisha mkutano ni mama yake Neema. Neema ndiye ninayetaka kumuoa, na mama yake ameshasema mcheza kamari hapiti mlangoni kwake. Basi nikajitolea kuhutubia. Nikajua nikimaliza tu, posa imepita.

Jana nikakaa kuandika hoja. Karatasi sina. Nikachukua iliyokuwepo mezani, nyuma nyeupe kabisa, nikaijaza hoja kumi na moja. (Ya tisa niliiandika machozi yananilenga.)

Leo nikasimama, nikainua karatasi usawa wa macho. "Ndugu wananchi, kamari inawamaliza vijana wetu." Watu wakainua shingo. Nikasema moyoni, nimewashika. Nikapandisha sauti. Nikapandisha na karatasi.

Dereva bodaboda mmoja akanyoosha mkono. "Kaka, samahani. Hiyo mechi ya saba imeahirishwa."

Sikumwelewa. Nikaendelea.

"Na hiyo sare uliyozungushia hapo chini," akadakia mwenzake, "itakuchania mkeka."

Nikageuza karatasi. Ilikuwa ratiba ya mechi, zile wanazogawa bure kwenye ofisi ya kubeti, na timu zangu nimezizungushia kwa kalamu nyekundu. (Ili zionekane vizuri. Zilionekana.)

Kinachoniudhi ni watu wenyewe. Badala ya kunisitiri, mkutano ukageuka wa kuchambua mkeka wangu, yaani timu nilizobetia. Hata bibi muuza dagaa, ninayemwamkia kila asubuhi, akanihurumia: "Mjukuu wangu, hao ugenini hawashindi. Mimi nilishawaacha." Kumbe tuko wengi hivi?

Nikamtazama mama Neema, benchi la mbele. Ameshavaa miwani, anasoma mstari kwa mstari.

"Shikamoo mama," nikasema. (Nilishamwamkia asubuhi. Sikuwa na lingine.)

"Marahaba. Malizia hoja zako, baba, ni nzuri," akajibu taratibu. "Ila barua ya posa ukiileta, nitaanza kuisoma kwa nyuma."

Mashine zinaondoka, mkutano umekubali. Anayetaka kucheka achekee huko huko kwake. Mimi niko madukani Nyamagana, natafuta karatasi nyeupe pande zote mbili.