Siku Dodo Alitokaka pa Kiti ya Bitumbula

Bantu ba Likasi, na bale munatoka Kambove na miguu, simameni kwanza, muweke mizigo chini! Nitabaelezea kintu chenye masikio itakatala kuamini: mutoto mumoja aligusaka mupira, na avenue yote ikatetemeka.

Ilikuwa ile miaka ba mine ya mukuba, ile shaba yetu, balisimamaka, bantu bakabaki mifupa na shati. Kati ya ile njaa akaketi Dodo, simba wa mashavu, mufalme wa miaka munane, pa kiti, pembeni ya beseni ya bitumbula ya mama yake. Marceline, jemadari wa bitumbula, hakukuwaka na enseigne ingine, kibao ya kuita banunuzi: client akiangalia ule mutoto, anasema huku mafuta ni ya kweli. Na juu enseigne isikonde, Dodo alikuwa anakula tangu asubui, kitumbula juu ya kitumbula, na chai ya sukari ya kusukuma.

Lakini bafalme nabo beko na kilio. Benzake bakicheza, yeye balimuwekaka poto, nguzo ya goli, juu akienda pa robinet ya maji tu, pumzi inamukimbia. Siku moja akasimama mbele ya mama yake.

"Mama, minye nimechoka kuwa poto. Nataka nipige mupira na minye."

Ile neno ilimuchoma Marceline kupita mafuta ya moto. Akamupeleka kwa Claire, infirmière, muuguzi wa mutaa, ule akamuambia haina kumunyima mutoto chakula, ni nyumba yote njo ibadilike. Vita ikaanza! Bukari, ile ugali yetu, na matembele, sahani moja ya bote. Kitumbula, dimanche tu, siku ya kanisa. Na asubui bote batatu kwa miguu mpaka ku shamba. Baba yake Athanase, shujaa wa usine, kiwanda ya mukuba, njo alililiaka sukari kupita mutoto.

Kiti ya Dodo ikabaki wazi. Siku moja ya samedi, mama Jenny, client wa kwanza wa siku zote, akasimama pa beseni.

"Marceline, enseigne iko wapi? Ao mafuta ilibadilika?"

"Mafuta ni ile ile, mama Jenny. Enseigne iko kule, inakimbia."

Bakageuka. Dodo alikuwa anakuya sawa treni ya mukuba, vumbi nyuma, tumbo mbele. Akanyoosha muguu, na mupira wa malapulapu ya nguo ukaruka... mu mufereji. Goli hapana. Lakini alibaki wima, pumzi yake mwenyewe mu kifua, anacheka, na batoto bakapiga kelele ya furaha sawa siku courant ya umeme inarudi. Likasi, weka ile siku mu historia!

Mama Jenny akaangalia mutoto, akaangalia beseni, akaenda kununua kwa mwingine. Beseni ingali imejaa, Marceline akakaza kitambaa ya kichwa, hakumuita Dodo arudi kuketi pa kiti.

Na weye, ungelimuita?