Nilimzika Tryphena Kabla Hajafa

Jumatatu, 3 Februari 2025
Kijana Hudson amefika Mwanda na kamera. Anakusanya ngoma za dunia nzima ziingie kitabu kimoja. Dunia nzima! Sisi tuna ukurasa mmoja. Aliuliza nani bado anaijua ngoma ya mavuno. Mimi peke yangu, nikasema. Akauliza, na jirani yangu Tryphena je? Mdomo ukatangulia: marehemu. Hudson akavua kofia. Nikalia kidogo, ili iwe sawa.

Jumanne, 4 Februari
Nimempelekea marehemu uji. Kifua kinambana tangu mvua za Novemba. Nimemfunika blanketi zangu mbili, nikamwamuru asitoke nje, upepo mbaya. Akasema nimekuwa mpole, lazima nimeiba kitu. Akacheka, akakohoa damu. Nimefua kitambaa mwenyewe. Sikuipenda ile damu.

Jumatano, 5 Februari
Aibu! Ngoma yetu, mmoja huuliza kwa mguu, mwingine hujibu. Miaka hamsini anayejibu ni Tryphena. Mbele ya kamera nikauliza. Kimya. Hudson akasema, nyanya, labda umesahau. Kusahau, mimi! Nikauliza tena, kwa nguvu. Mguu ukajibu nyuma ya nyumba. Akatokea na blanketi zangu mabegani. Haraka nikasema huyu ni Mable, dada ya marehemu. Tryphena akanitazama weee. Kisha akamwambia Hudson ni kweli, yeye ni Mable, na marehemu alikuwa akinishinda kila mavuno. Mchawi! Tukacheza mpaka akakaa chini. Picha imetoka nzuri.

Ijumaa, 14 Februari
Tryphena amekufa wodini, Voi. Nilimshika mguu, ulikuwa baridi, nikausugua. Neno lake la mwisho kwangu: nihakikishe kitabuni asiitwe Mable. Nikaahidi.

Jumamosi, 22 Februari
Tumemzika. Asubuhi nilimpigia Hudson simu, nikamwambia chini ya picha aandike Tryphena, si Mable. Akashangaa: Tryphena si alikufa kabla kamera haijafika? Ningekiri hapo hapo. Mdomo ukatangulia. Nikasema yupo Tryphena wa pili, mdogo wao, mzima kabisa, anacheza kuliko wote. Hudson amefurahi. Anakuja Alhamisi kumpiga picha.
Mchungaji aliomba sana kaburini. Sikusikia kitu. Nilikuwa nikitazama miguu ya akina mama.