Lori Mjane na Josho la Wanachama

Jumatatu, 3 Machi
Ushindi! Chama chetu cha wafugaji hapa Kyuso kinataka kompyuta ihifadhi kila kitu: jedwali la wanachama, jedwali la mbuzi, jedwali la magari. Mwenzangu Fartun anaandika safu za kila jedwali peke yake. Jina, namba, tarehe. Halafu tena jina, namba, tarehe. Kama mtu anayepanda ndengu kwa kijiko! Mimi nimeandika safu zote mara moja, nikaziita Safu za Pamoja, nikaamuru kila jedwali lizirithi. Nilimaliza kabla ya chai ya saa nne. Fartun akasema tushirikishe tu vile vinavyofanana kweli. Wivu.

Jumanne, 4 Machi
Usumbufu kidogo. Kompyuta imekataa mbuzi wasio na simu. Simu ni safu ya pamoja, kwa hivyo ni lazima. Nimewapa za wenyewe. Beberu la Mzee Sugow, mfanyabiashara wa mifugo, nimeliandika limeoa, wake wengi. Lori nalo likadaiwa hali ya ndoa. Nikaandika mjane, maana halina dereva tangu Krismasi. Meneja wetu, Bi Syombua, akauliza lori limefiwa na nani. Nikamwambia ni lugha ya kitaalamu.

Alhamisi, 6 Machi
Bi Syombua anataka safu mpya, tarehe ya josho, yaani siku ya kuogesha mbuzi dawa ya kupe, ili wenye mbuzi wapate ujumbe wa simu. Fartun akashauri iingie kwenye jedwali la mbuzi pekee. Ati mimi nifuate ushauri wa Fartun! Nimeitia kwenye Safu za Pamoja. Ikaenea kote papo hapo. Nikajaza kesho kwa wote, amri moja, nikatuma ujumbe. Fartun bado anakagua. Maskini.

Ijumaa, 7 Machi
Wanachama wamefika joshoni. Bila mbuzi. Kumbe kila mwanachama alipata wake, kwa jina lake: "Mutiso, kesho utatumbukizwa joshoni. Usipigane na wenzako." Mama Ndinda alikuja na taulo na sabuni, akauliza kama maji yamepashwa moto. Mzee Sugow alininyooshea simu usoni.

"Wewe Muthama! Mimi nina kupe wapi?"

Nikamweleza habari ya kurithi safu. Hakuelewa. Akafoka kwamba mnunuzi anatoka Makindu kesho, na mbuzi wake bado wamejaa kupe. Mnunuzi akirudi mikono mitupu, hatakanyaga Kyuso tena. Fartun akaketi kwenye kompyuta. Katika Safu za Pamoja akabakiza namba ya rekodi, siku ilipoandikwa na aliyeiandika. Mengine akayarudisha kila moja kwenye jedwali lake. Ujumbe mpya ukatoka, mbuzi wakaja mbio, wakaoshwa. Watu wakampigia Fartun makofi. Na wazo la kushirikisha safu lilikuwa la nani? Langu! Hakuna aliyekumbuka.

Jumamosi, 8 Machi
Mnunuzi amekuja, ameridhika, mbuzi wamepakiwa. Sugow alicheka mpaka meno ya nyuma yakaonekana. Kisha Bi Syombua akaniita, akaniambia kwa upole nisirudi Jumatatu. Sikuomba msamaha. Nimechukua chaja yangu na kikombe. Mtu mwenye maono hafutwi kazi. Anaachiliwa tu aende mbele.

Jumapili, 9 Machi
Niko mjini Kabati kwa dada yangu Kanini. Mungu ni mwema! Baada ya ibada mchungaji wake alisema kanisa linahitaji kompyuta iweke majedwali matatu: wanaobatizwa, wanaooana na wanaozikwa. Nikacheka. Si ni watu walewale? Safu moja kwa wote! Nimeshamaliza. Tarehe ya mazishi ni lazima ijazwe, na muumini mmoja, Kilonzo, anafunga ndoa Jumamosi, basi nimemwekea mazishi Jumapili. Ya muda tu. Matangazo yameenda kwa ukoo mzima.

Mama wa bibi harusi ananipigia simu mfululizo. Watu wa huku wanajua kushukuru.