Pikapu Iliyopandishwa kwa Ajili ya Nazi za Kanga

Jumatatu, 8 Aprili 2013
Shule imefungwa, mvua imeanza, na mke wangu Jovina ametamka. Pikapu ikikosa kazi mpaka mwisho wa mwezi, inauzwa. Tena anayeitaka ni Ukasha! Ukasha huyuhuyu jirani yetu hapa Kilindoni, mwenye pikapu kama yangu, silinda nne vilevile, ila springi zake zimechoka mpaka tumbo la gari linapangusa majani. Nimemwambia mke wangu labda niwe nimekufa. Amesema sawa, lakini mwisho wa mwezi ni uleule.

Bahati nzuri kuna kazi. Kina mama wa kijiji cha Kanga wanatafuta gari la kubeba nazi zao hadi bandarini masika yote. Kiongozi wao, Bi Mwanasiti, atayatazama magari Jumamosi, kulekule shambani. Barabara ya Kanga saa hizi ni uji mtupu. Litakalopita ni gari lililo juu. Mimi ni mwalimu wa fizikia, hilo sihitaji kuelezwa. Nainyanyua pikapu.

Jumanne, 9 Aprili
Kwa fundi Tumaini. Njia ziko tatu. Kurefusha vile vyuma viwili vinavyoshika ncha ya springi ya nyuma. Au kupachika kipande kinene kati ya springi na ekseli. Au kuongeza springi zenyewe. Tumaini ameshauri ile ya kwanza, inchi moja na nusu, basi. Anasema gari jepesi, injini ndogo, nisilifanye ngamia.

Inchi moja na nusu! Ukasha atanicheka mpaka Idi. Halafu vyuma vyenyewe mpaka viagizwe Dar, na Jumamosi ndiyo hiyo. Nimechagua kipande kinene. Hakuna haja ya kuagiza. Mkoko ni mti mgumu, na pwani umejaa tele.

Jumatano, 10 Aprili
Sikujua kwamba Emmanueli, askari wa hifadhi ya bahari, huamka mapema hivyo. Tunaimba naye besi kwaya moja. Amenikuta Ghuba ya Chole, tope la magoti, msumeno mkononi. Akanisalimia vizuri kabisa, akauliza hali ya Jovina, kisha akauliza kibali. Nikasema ni utafiti wa fizikia. Akasema basi msumeno wa utafiti utabaki ofisini.

Nikajitolea mwenyewe kupanda miche ya mikoko, ili habari zisimfikie mkuu wangu wa shule. Nimepanda hadi adhuhuri. Kiatu kimoja kimebaki topeni. Nadhani nacho kitaota.

Alhamisi, 11 Aprili
Springi basi. Nyuma ya karakana ya seremala mmoja kuna lori bovu, limebaki mifupa. Nimepewa springi zake kwa kubadilishana na redio. Jovina anajua redio iko kwa fundi. Si uongo, seremala naye ni fundi.

Tumaini aligoma. Akasema hizi ni za lori la tani saba, pikapu itasimama kama meza. Nikamwambia meza ndiyo naitaka. Amefunga, lakini kwanza kanitaka nitie sahihi kwenye karatasi kwamba alinikataza. Fundi mwoga huyu. Gari limepanda shibiri nzima na vidole vitatu! Nimepita mbele ya nyumba ya Ukasha mara nne. Mara ya nne alitoka, akatazama, akarudi ndani. Raha niliyoipata siwezi kuiandika.

Jumamosi, 13 Aprili
Nimefika Kanga bila kukwama hata mara moja. Mgongo umekufa ganzi, maana gari tupu linaruka kila shimo, lakini nimefika. Ukasha alikuwepo tayari, naye anaitaka kazi. Eti aliondoka alfajiri, akaja polepole.

Bi Mwanasiti akaizunguka pikapu yangu, akaisifu. Kisha akawaita wenzake, kama sitini hivi, wengi wao umri wa bibi zangu, kila mmoja na pakacha la nazi kichwani. Kumbe hawa hawapandi gari wala hawapokezani. Wanajipanga mistari miwili, huku na huku. Mwanamke akifika ubavuni mwa gari anainamisha kichwa, nazi zinamwagika ndani, anampisha mwingine. Ubavu wa gari la Ukasha unawafika kifuani. Wa langu umewafika utosini. Nikasema tufungue mlango wa nyuma. Bi Mwanasiti akasema kwa mlango mmoja watapakia hadi magharibi. Akaongeza kwa upole kwamba Mwalimu Isdory siku nyingine aje na ngazi.

Wamecheka wote sitini. Nimeumia, sifichi. Nilipima barabara, mashimo na ekseli. Wao sikuwapima.

Jumatatu, 15 Aprili
Ukasha kapewa kazi, anaanza kesho. Sijakata tamaa. Wanataka chini? Watapata chini. Tumaini amezitoa za lori, amerudisha zangu, na nimemwamuru aondoe bamba moja la springi kila upande. Karatasi nyingine, sahihi nyingine. Sasa niko chini ya Ukasha kwa vidole vinne. Jumamosi ijayo Bi Mwanasiti ataiona mwenyewe.

Jumanne, 16 Aprili
Mvua usiku kucha. Saa nne asubuhi Bi Mwanasiti akapiga simu. Ukasha amezama njiani na nazi zote. Mwalimu nilete lile gari langu refu haraka, ngazi wameshaitengeneza, na kazi ni yangu masika yote.

Nilijibu nakuja. Ningesema nini? Nikatoka nje, nikaitazama pikapu, machozi yakanilenga.

Nilienda hivyohivyo. Nimezama hata kabla ya kumwona Ukasha. Kina mama wamebeba nazi kichwani mpaka kwenye barabara ngumu, wakipita kando ya dirisha langu mmoja mmoja. Nimewaamkia shikamoo mara sitini.

Jumatano, 17 Aprili
Jovina hakungoja mwisho wa mwezi. Ukasha ameichukua pikapu leo, na springi za lori juu yake. Nyumba nzima kimya, hata redio hakuna.

Nimekaa nimefikiri kisomi. Kosa halikuwa langu. Magurudumu manne ni mengi mno kwa tope la Kanga. Kule sokoni kuna guta la injini linauzwa, nimelikagua jioni hii. Magurudumu matatu tu, kwa hiyo sehemu za kukwama zimepungua kwa robo. Jovina nitamweleza baadaye. Lina kasoro moja tu, liko chini kidogo.