Tembe Zenu Hazikunipa Chozi la Kumzikia Mama Mkwe

Nzilani Kitonga,
Sokoni Migwani,
Kaunti ya Kitui.
Mwezi wa kumi, kabla ya mvua.

Kwa Mkurugenzi,
Watengenezaji wa tembe za Chemchemi ya Macho,
Nairobi.

Mkurugenzi Mheshimiwa,

KUH: MACHOZI NILIYOAHIDIWA, AMBAYO HAYAJAFIKA

Pokea salamu nyingi kama mchanga wa mto wetu, ambao wakati huu wa mwaka ni mchanga mtupu. Natumai wewe na jamaa yako mko salama, na kwamba mnalia vizuri panapohitajika kulia.

Mimi ni mkulima na mke wa Kitonga. Nina ugonjwa wa macho kukauka, na ninao tangu zamani. Yanawasha, yanachoma, na jua likianza kushuka naona kama mtu anayechungulia kupitia chujio la chai. Muuguzi wa zahanati alinipa matone, akanieleza kwamba ugonjwa huu hauponi mara moja, unatunzwa tu. Nikamshukuru. Lakini wifi yangu Kanyiva, aliyeolewa kule Mbumbuni, Makueni, na ambaye ni wakala wenu, alisema muuguzi hajui kitu kwa sababu hajahudhuria semina. Akaniletea tembe zenu na kuniahidi kwamba nitabubujika. Neno hilo ni lake. Mimi ningeridhika na unyevu.

Ningeendelea kuvumilia, lakini mwezi wa nane mama mkwe wangu, Syokau, aliugua akafariki. Mbele ya kaburi lake sikutoa chozi hata moja, na sasa ukoo mzima unasema nilifurahi. Ndiyo maana nakuandikia. Malalamiko yangu ni haya:

1. Maagizo ya kwenye chupa. Yananitaka nimeze tembe kwa maji mengi na niepuke vumbi, moshi na upepo. Mheshimiwa, vumbi, moshi na upepo ndiyo anwani yangu. Na hayo maji mengi ningekuwa nayo, ningeyatia machoni moja kwa moja bila kuisumbua kampuni.

2. Harufu. Tembe zenu zina mafuta ya samaki. Mimi sina ugomvi na samaki, lakini wiki nzima ya matanga, watu wakiwa wameinamisha vichwa kwa maombi, mimi nilikuwa nacheua samaki. Nyumba ile ilikuwa inakula muthokoi, mahindi ya kukoboa na maharagwe tu. Jioni moja mchungaji alinyamaza katikati ya sala, akanusa, kisha akaendelea. Wageni wakaanza kuulizana ni nani anayekaangiwa samaki kisirisiri huku wenzake wanaomboleza. Paka wa marehemu, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kunijali, sasa ananifuata hadi chooni.

3. Elimu ya wakala wenu. Nilipomwambia Kanyiva kwamba sioni mabadiliko, alinieleza kwamba mwili hugawa unyevu kwa utaratibu, unaanza na magoti halafu unapanda, na macho yako mbali. "Wifi, be patient, iko njiani inakuja." Nimeyachunguza magoti yangu. Hayajawahi kulia. Sisi watu wa Kitui tumezoea kuchimbiwa visima visivyotoa maji, lakini hata mchimba visima hufika mahali akakubali kwamba amekosa. Hajawahi kutuambia maji yamefika magotini.

4. Siku yenyewe ya mazishi. MC aliwaita wake za wana waje mbele watoe risala. Tulikuwa watatu, tumevaa leso sare. Wenzangu walianza kulia kabla ya kushika maikrofoni. Mmoja anaishi mjini na hakuwa amemwona marehemu tangu Krismasi, lakini alilia mpaka akashikiliwa na wazee wa kanisa. Zamu yangu ilipofika, MC akasema kwa upole, "Tumpe mama muda apate nguvu." Nikapewa muda. Nikasimama. Nikapewa mwingine. Nguvu ninazo, Mheshimiwa, mimi hulima kwa jembe. Kilichokosekana ni maji. Kanyiva, ambaye ni binti wa marehemu na alikuwa na machozi yake ya kutosha, alininong'oneza: "Wifi, si ulie hata kidogo tu, watu wanaona!" Aliyasema hayo akiwa na chupa zenu mkobani.

5. Tuhuma za kughushi. Baada ya aibu hiyo nilijaribu kitunguu jikoni. Macho yakawa mekundu bila kutoa kitu, wakasema nimelewa. Basi nikaenda nyuma ya choo na yale matone ya muuguzi, ili nirudi nikiwa na sura ya msiba. Shangazi Mutanu, dada ya baba mkwe, akanifuata. Alinikuta nimeinua uso mbinguni, kichupa mkononi, tone moja likiteremka shavuni. Akatangaza mbele ya akina mama waliokuwa wakiosha sufuria: "Ngai wakwa! Huyu anajiweka maji ya duka! Syokau amezikwa na machozi ya duka!" Kwa hivyo kosa langu si tena kutolia. Ni kulia kwa njia ya udanganyifu.

6. Hapa ndipo panaponiuma. Kwamba nilikuwa nagombana na Syokau ni kweli, na soko zima linajua. Kwa macho haya siwezi kuchambua nafaka vizuri, na yeye aliwatangazia watu kwamba ninachougua ni uvivu na kwamba namlisha mwanawe changarawe. Kila nilipompakulia ndengu alitafuna polepole, kama mtu anayesikiliza. Akipata kijiwe alikitoa mdomoni na kukiweka kando ya sahani, mahali ambapo lazima nitakiona. Hasemi kitu. Anakiweka tu. Ningemsikia akinitukana ingekuwa nafuu.

Lakini nilipojifungua, uji wangu ulipikwa na yeye, na alipougua ni mimi niliyemwogesha. Nilimpenda yule mwanamke. Shida ni kwamba hapa kwetu ushahidi wa jambo kama hilo hupitia machoni, na macho yenyewe mmeyashindwa. Siku hizi hata mimi nimeanza kujiuliza kama Shangazi Mutanu hasemi kweli, kwamba labda moyo ndio uliokauka na macho yanasingiziwa bure. Mtu hapaswi kuachwa ajiulize swali kama hilo kwa sababu ya tembe.

7. Paka. Nimeshamtaja, lakini bado yuko.

Kwa hayo yote, fedha zangu sizidai. Naomba mambo matatu tu, na nadhani ni ya haki. Kwanza, muuandikie ukoo wetu barua yenye mhuri, mkithibitisha kwamba huzuni yangu ni halali, kwamba ipo, na kwamba kuchelewa kwake kumesababishwa na kampuni. Isomwe kanisani baada ya matangazo. Pili, mhuri ukiwa mgumu kupatikana, mtume afisa wenu aje kwenye ibada ya ukumbusho, asimame kaburini alie kwa niaba yangu, maana machozi hayo niliyanunua na bado yako kwenu. Awe mtu mzima. Leso sare tutampa. Tatu, afisa huyo akishindwa kulia, tafadhali msimpe tembe zenu. Ana macho mazuri, kitunguu kitamtosha.

Nisalimie wote hapo kazini: wanaojaza tembe kwenye chupa, wanaobandika karatasi, mlinzi wa langoni, na yule mama wa kwenye picha ya chupa ambaye ameshika miwani na kucheka. Mwambie tunamwona, japo kwa ukungu.

Ni mimi, kwa heshima na ukavu,
Nzilani Kitonga

Tanbihi: Kabla sijaituma barua hii mawingu yalianza kujikusanya upande wa Mwingi, nikaingia ghalani kutoa ndengu zangu za kupanda nianze kuzichambua, kazi ambayo nilikuwa nimeiogopa tangu mazishi. Debe langu nililikuta limefungwa kwa kipande cha leso kuukuu ya Syokau. Ndani, mbegu zilikuwa zimeshachambuliwa na kuchanganywa na majivu zisiliwe na wadudu, za kutosha shamba langu lote. Lazima alizifanya kabla ya kuugua, bila kumwambia mtu, huku akiendelea kunisema sokoni.

Nilikaa chini nikalia mpaka paka akaondoka.

Kanyiva alinikuta hivyo. Kwanza akanipiga picha, halafu akakaa chini akalia na mimi, halafu akaituma picha kwa mawakala wenzake wote wa Makueni akiandika kwamba tembe zimefika machoni. Nasikia oda zimeanza kuingia. Shangazi Mutanu naye alikuja akaangalia, akasema hayo ni majivu tu yameniingia. Hilo mtabishana nyinyi na yeye. Mimi naomba tu barua ya ukoo msiiandike, na afisa msimtume, kazi imeshafanyika.

Zile ndengu nilizimimina kwenye uteo nikazipitia zote upya, na macho yakiwa yamelowa hivyo, nikitafuta angalau kijiwe kimoja nimwekee kando ya sahani. Sikukipata.